Waya wa Papa Asukulu

Kuna harufu ambayo hadi leo ikinipita puani, mkono wangu wa kulia hufunguka wenyewe kana kwamba unasubiri kupewa kitu. Ni harufu ya ulimbo wa kuungia waya unaoungua kwenye ncha ya chuma cha moto. Huanza tamu kidogo, halafu huwa chungu, halafu hukaa kwenye nguo mpaka zifuliwe. Vijana wanaotengeneza simu pale sokoni Mwanga, hapa Kigoma, wana vyuma vya umeme, na moshi wao ni mwembamba, wa adabu. Moshi wa Baba ulikuwa mnene, kwa sababu chuma chake alikipasha kwenye jiko la mkaa. Umeme wa mji siku zile ulikuwa wa zamu, na zamu ya Ujiji ilikuwa na tabia ya kusahaulika.

Baba alikuwa fundi redio. Watu walimwita Fundi Hamisi, na karakana yake ilikuwa baraza ya nyumba yetu, kwenye mtaa unaoteremka kwenda ziwani. Meza yake ilikuwa ubao wa mtumbwi uliostaafu, na mvua ikinyesha ule ubao ulikumbuka kazi yake ya zamani, ukanuka samaki. Redio zilikuja na mende ndani, na Baba alikuwa na kawaida ya kumrudishia mwenye redio mende wake ndani ya kibiriti ili asije kusema kitu chake kimepungua. Mimi, Mwajuma, binti yake wa pekee, nilikuwa na kiti changu upande wa pili wa meza. Nikiwa na miaka kumi nilikuwa najua kumenya waya kwa meno bila kukata hata unywele mmoja wa shaba, na kuunga kiungo ambacho Baba mwenyewe alikivuta kwa koleo akashindwa kukiachanisha. Shangazi yangu alisema mkono huo ungefaa zaidi kusuka ukili wa mikeka. Baba alimjibu kwamba ukili hauimbi.

Nitawaambia jambo moja mapema, maana bila hilo mengine hayataeleweka.

Mama alifariki mwaka huo, mvua za kwanza zilipokuwa zinaanza. Aliugua muda mrefu kiasi kwamba nyumba ilizoea. Alasiri ya siku yenyewe wanawake walikuwa wamejaa chumbani kwake na Baba alikuwa ndani pamoja nao. Mimi nilikuwa barazani, nimeshika waya mbili, mmoja mwekundu, mwingine mweusi. Mama akaniita. "Mwaju." Akakaa kidogo, akaniita tena. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilinifika. Mama mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba mtoto wa kike akiitwa huitika kwanza, "Abee," ndipo aulize anaitiwa nini. Sikuitika. Niliendelea kuzishika zile waya. Niliogopa kumwona, basi, hapakuwa na sababu nyingine. Baadaye kidogo wanawake wakaanza kulia, na Baba akatoka akasimama mlangoni akanitazama mimi, akatazama na waya zangu.

Jioni ile shangazi aliniuliza mbele ya watu, "Mwajuma, mama yako alikuita, ulikuwa wapi?" Baba akamjibu kabla sijafungua mdomo: "Hakusikia. Barabarani kulikuwa na kelele." Barabara siku ile ilikuwa kimya kama Ijumaa saa saba.

Sikulia. Si siku ile, si kwenye hitima, si baada yake. Wanawake wakasema mtoto huyu ana moyo mgumu, wengine wakasema bado hajaelewa. Umewahi kukalia mguu mpaka ukafa ganzi? Mguu unauona uko pale, lakini ukiufinya ni kama unafinya wa mwenzio. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, mwili mzima. Nilikula nilichopewa. Nilikwenda shule. Na mimi na Baba tukawa hatuzungumzi ila mambo ya meza. "Chanya wapi?" "Hii." "Hasi?" "Hii." "Haya, choma." Siku zikapita namna hiyo.

Wakati huo ndipo watu wa ng'ambo walipoanza kuja. Vita vilikuwa vimewashukia upande wao wa ziwa, na maboti yaliwaleta Kigoma mchana kutwa, yamejaa mpaka maji yanaonja mbao. Sisi wa Ujiji si wageni wa watu wale. Bibi yangu mzaa baba alikuwa Mmanyema, na nusu ya mtaa wetu ina ndugu ng'ambo au inasema inao. Kwa hiyo wengine walipokelewa majumbani, na nyumba ya watu sita ikawa ya watu kumi na tano bila mtu kuitisha kikao. Lakini wengi walipelekwa kwenye uwanja wa mpira mjini, wakakaa kwenye majani na kwenye ngazi za watazamaji, wakingojea malori ya kuwapeleka kambini, bara. Pale uwanjani palikuwa na jenereta na spika kubwa za pembe, na kutwa nzima palisomwa majina ya waliopotezana. Tulikuwa tukienda mjini tunayasikia tangu mbali, majina tu, moja baada ya lingine. Mimi niliyasikia kama watu wanavyosikia mvua ya jirani.

Papa Asukulu alifika barazani kwetu siku ya Ijumaa. Alikuwa mwanamume mrefu, shati lake safi lakini halina kola, na mgongoni alikuwa na gitaa lililofungwa kwenye kitenge kama mtoto. Alikuwa amepokewa nyumba ya pili kutoka kwetu. Kutoka kwenye mfuko alitoa kisanduku cha chuma cha rangi ya machungwa, kikubwa kama sanduku la sabuni, kina kitufe cha kukanyaga.

"Fundi, hii ni pedale yangu," alisema. "Gitaa inapita humu ndani mbele ya kwenda ku amplifaya. Betri imekufa. Kesho niko na lazima nayo."

Betri yake ilikuwa na pumzi moja ya mwisho. Aliunga gitaa kwenye amplifaya ya Baba ya majaribio, akakanyaga kitufe, akapiga. Ninakumbuka sauti ile. Haikutoka moja kwa moja. Iliyumba, kama mtungi kichwani mwa mtu asiyetaka maji yamwagike. Ilidumu labda dakika moja, ikanywea, ikazima.

Halafu akaeleza, akiwa ametazama meza, si sisi. Kwao alikuwa anapiga kwenye baa iliyo karibu na nyumba yake, na wimbo wa kufunga kazi aliupiga siku zote kwa sauti ile ya kuyumba. Mke wake, Feza, akiisikia huko nyumbani, anaweka sufuria ya ugali motoni, kwa hiyo mume akifika chakula kiko tayari. Vita vilipokuja walikimbia kila mtu na njia yake, yeye na gitaa, Feza na mtoto wao Riziki mgongoni. Watu wa kijiji chao walikuwa wamemwapia kwamba walimwona Feza akipanda boti la Kigoma. Alikuwa ametembea uwanja mzima siku tatu asimwone. Na Jumapili asubuhi malori yangeondoka, mengine kambi hii, mengine kambi ile, na Feza akishapandishwa lori angemtafuta wapi?

"Si majina yanasomwa?" Baba akamuuliza.

"Bamelisoma jina yake siku tatu, Fundi. Ba mama Riziki beko bengi. Gitaa yangu iko moja."

Watu wa uwanjani walikuwa wamemkubalia apige Jumamosi saa kumi alasiri, kati ya majina na majina, kupitia zile spika.

Sasa, pedale ilitumia ile betri ndogo ya mraba yenye vifungo viwili kichwani, na mji mzima haukuwa nayo. Zilizobaki madukani Mwanga zilikuwa zimevimba. Baba hakuhangaika. "Volti tisa ni volti tisa," alisema. "Betri sita kubwa za redio zikishikana mkono zinafika." Jioni ile alitengeneza kasha la mbao la kulaza betri sita, akazibana kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kilichobaki ni waya wa kutoka kwenye kasha hadi kwenye pedale, na huo akaniachia mimi kesho yake, kwa sababu ulikuwa waya mwembamba na macho yake yalikuwa yameanza kumsumbua.

Naomba mnivumilie kidogo hapa, maana ndipo penyewe. Waya wa namna hiyo unahitaji kichwa cha kuingia kwenye pedale, na kichwa tulikipata kwa kubandua kifuniko cha betri ya mraba iliyokufa. Kina vifungo viwili vya kubana kama vya blauzi, kimoja kidogo na kimoja kikubwa. Kwenye betri, kile kidogo ndicho chanya. Lakini kwenye mdomo wa pedale, unaopokea, mambo yamegeuka: waya mwekundu, ndio wa chanya, umeshonwa kwenye kifungo kikubwa, maana kikubwa ndicho kinachomeza kidogo. Baba alikuwa na msemo wake: "Vikitazamana, kulia kwa huyu ni kushoto kwa yule." Na ili mtu asichanganye, alikuwa na desturi ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Kabla ya kubandua kifuniko, wakati alama ya kujumlisha bado inaonekana kwenye bati la betri, unaweka nukta ya rangi ya kucha kwenye kifungo cha chanya. Nukta nyekundu. Baada ya hapo hata ukiamshwa usingizini hukosei.

Rangi yenyewe ilikuwa ya Mama. Alijipaka vidole vya miguu kwa ajili ya harusi za watu, na Baba alikiazima kichupa hicho kila wiki na kukirudisha pungufu, na Mama alimwambia siku moja ataikuta redio ina kucha. Tangu azikwe, kichupa kilikuwa kwenye droo ya kabati lake, na droo ile hakuna aliyeifungua, si Baba, si mimi.

Jumamosi Baba alikwenda kuswali adhuhuri. Nilichukua betri iliyokufa, nikaingia ndani kufuata rangi. Niliweka mkono kwenye kishikio cha droo. Mbao ilikuwa ya baridi. Nikasimama hapo, sijui kwa muda gani, nikasikia mtu anapita na ng'ombe nje. Kisha nikaondoa mkono, nikarudi barazani, nikabandua kifuniko bila nukta. Bati lenye alama nikalitupa jikoni kwenye mkaa, kama tulivyozoea kutupa.

Chuma kiliposhika moto nikagundua kwamba sijui kifungo kipi ni kipi. Mtoto mwingine angengoja. Mimi nikafungua pedale, nikatazama mdomo wake: waya mwekundu, kifungo kikubwa. Nikashona mwekundu wangu kwenye kifungo kikubwa vilevile, msemo wa Baba umenitoka. Nikautia ulimbo vizuri, nikaupuliza, ukang'aa. Kilikuwa kiungo kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuunga. Hata leo ninaweza kusema hivyo.

Papa Asukulu akaja kabla Baba hajarudi. "Imeisha, mama?" aliniuliza. Watu wa kwao humwita hata mtoto wa kike mama, kwa heshima.

"Imeisha. Lakini Baba lazima aikague kwanza."

"Niruhusu niisikie kidogo tu. Saa ya kupiga iko karibu."

Nikampa. Alivibana vile vifungo, tak, tak, akaunga gitaa, akakanyaga kitufe. Hapakuwa na sauti. Akakanyaga tena. Kutoka ndani ya kile kisanduku kikatoka kimoshi chembamba, na harufu isiyo ya ulimbo, kali, ya kitu ambacho hakikutakiwa kuungua.

Baba alikuwa anapanda ngazi ya baraza, kofia mkononi. Alinusa kabla hajaona. Akachomoa vifungo, akakitazama kifuniko, akakigeuza mbele nyuma. Hakikuwa na nukta. Alinitazama mara moja, kisha akageukia mlango wa nyumba, upande wa kabati, na akajua yote. Nilimwona anajua.

"Nimekosea mimi," alimwambia Papa Asukulu. "Nilimwelekeza mtoto kinyume. Macho yangu hayaoni vizuri siku hizi. Nisamehe, ndugu yangu."

Nilisubiri nisikie kitu ndani yangu. Aibu, au huruma, au hata hofu. Palikuwa kimya. Nilikaa kwenye kiti changu nikahesabu misumari ya ubao wa mtumbwi.

Papa Asukulu alikipakata kile kisanduku kwenye mapaja. Akasema, "Haina neno, Fundi. Tutapiga kavu." Baba alifungua pedale, akachokonoa, akabadilisha hiki na kile mpaka saa nane na nusu, lakini vidude vilivyoungua vilikuwa vya namna ambayo Ujiji haikuwa nayo. Tukapanda pikapu iliyokuwa inapeleka dagaa mjini, sisi watatu na gitaa.

Uwanjani sikuwahi kuona watu wengi hivyo waliotulia hivyo. Hata watoto hawakukimbizana. Nilisikia kiu nikaenda kunywa maji kwenye bomba lililo pembeni, na wanawake waliokuwa wamekaa karibu yake walinipisha bila kunitazama. Msomaji alikuwa anasoma: fulani wa fulani, mama yako yuko lango la pili. Halafu akasoma, "Feza, mama wa Riziki, kutoka Baraka. Bwana wako yuko hapa, anakungoja hapa jukwaani." Kisha wakampa Papa Asukulu nafasi.

Akapiga wimbo wake wa kufunga kazi. Gitaa lilitoka kavu kwenye zile spika, kavu kama mtu anagonga bati kwa kijiko. Sauti haikuyumba hata kidogo. Baba alisimama nyuma yake ameshika waya wa gitaa, ingawa haukuhitaji kushikwa. Mimi nilizungusha macho uwanja mzima nikimtafuta mwanamke atakayesimama. Alipiga mara tatu. Watu wengi walimtazama, wengine walipiga makofi kidogo. Hakuna mwanamke aliyesimama. Msomaji akarudi kwenye majina yake.

Jumapili malori yakaondoka.

Jumamosi ile, tuliporudi nyumbani kutoka uwanjani, Baba aliingia ndani, nikasikia droo inafunguliwa. Ilikuwa na sauti yake, ya kukwaruza. Akaja na kichupa cha rangi, akakiweka katikati ya meza, na hapo ndipo kilipokaa tangu siku hiyo. Kesho yake akaniambia niunge waya wa Papa Asukulu upya. Niliunga. Akaukata kwa koleo, akasema, "Tena." Niliunga tena, akaukata. Mara tisa, wiki nzima, waya wa pedale iliyokwisha kufa. Hakufoka hata mara moja. Alikaa upande wake wa meza, akanipa vifungo, akanipa waya, na mimi niliweka nukta, nikashona, nikampa. Niliamini hiyo ndiyo adhabu yangu, na niliona ni ya haki. Wa kumi hakuukata.

Ulikaa msumarini mpaka Papa Asukulu alipokuja kuaga. Ilikuwa imepita miezi minne. Mtu alikuwa amemletea salamu kutoka kambini: Feza yuko huko. "Mama Riziki amepatikana," alimwambia Baba. "Mutoto hakufika." Baba akamshika bega. Papa Asukulu aliuondoa ule waya msumarini, akauzungusha vizuri kwenye vidole vyake vinne, akautia mfukoni pamoja na pedale yake iliyoungua. Alisema siku moja atapata nyingine.

Na mimi nikakokotoa hesabu yangu ya mtoto. Kama ningefungua droo, ningeweka nukta. Kama ningeweka nukta, sauti ingeyumba. Kama ingeyumba, Feza angesimama, na miezi minne ile asingekaa peke yake na msiba wake. Sikumwambia mtu. Niliibeba hesabu hiyo kwa miaka mingi, na nilipokuwa ninaikumbuka nilisikia ile ganzi inanipanda kutoka miguuni.

Nilikuwa binti mkubwa, shangazi ameshaanza kuleta habari za wachumba, wakati watu wa ng'ambo walipoanza kurudishwa kwao kwa meli. Papa Asukulu alikuja kutuaga mara ya pili, na safari hii alikuwa na mke wake. Alikuwa amepata pedale nyingine kambini, ya buluu, na alimwonyesha Baba kwa majivuno kwamba waya ni uleule, nukta yake bado nyekundu. Wanaume hao wawili wakaingia ndani na vitu vyao, na sauti ile ya kuyumba ikaanza kutoka dirishani. Mimi na Mama Feza tukabaki barazani tunachambua mchele kwenye ungo mmoja. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye mwanya.

Sijui kilichonisukuma. Nadhani ni kwa sababu kesho yake angekuwa ng'ambo. Nikamwambia kwamba ni mimi niliyeiunguza ile pedale ya kwanza, si Baba. Kwamba kwa sababu yangu gitaa lilitoka kavu siku ile uwanjani, na yeye hakulitambua.

Aliendelea kuchambua. Alitoa kijiwe, akakitupa.

"Miye nilisikia," alisema.

Nikadhani sijaelewa.

"Nilikuwa naikala pale pa bomba. Gitaa ilikuwa kavu, ndiyo, lakini vidole ni vyake. Kidole yake ya mwisho inachelewaka kidogo. Nilimujua mbele amalize mustari ya kwanza." Akachota mchele, akaumwaga polepole. "Na jina nilisikia. Siku zile zote. Banaitaka mama Riziki, mama Riziki. Na Riziki nilikuwa nimemuacha mu maji. Sasa miye ni mama wa nani? Ningesimama niende pale na mugongo mutupu, nimuambie nini baba yake? Nikafunika kichwa. Asubuhi nikapanda lori."

Gitaa lilikuwa linaendelea huko ndani. Baba alicheka kitu.

"Yeye hajui," alisema. "Anafikiri sikusikia. Umuache afikiri vile."

Nilitazama mikono yangu ndani ya ungo. Miaka yote ile niliamini kwamba waya ulikatika kwangu. Kumbe sauti ilifika. Ilifika yote, hadi kwenye lile bomba nililonywea maji, na aliyeisikia ndiye aliyeshindwa kuitika. Na hakushindwa kwa kukosa mapenzi. Nilimtazama mwanamke yule nikaona simlaumu hata kidogo, hata chembe, na ndipo nilipoogopa, maana nilijua ninachokwenda kusema.

"Hata mimi nilisikia," nikamwambia. "Mama aliniita mara mbili, siku ile anafariki. Nilikuwa hapahapa. Nilisikia."

Mama Feza aliusogeza ungo, akanishika kifundo cha mkono kwa ule mkono wake wenye vumbi la mchele, akakishika tu, kama mtu anayeshikia mwenzake kitu ili apumzike. Na ule mguu wangu uliokufa ganzi miaka yote ukaanza kuamka. Nyote mnajua mguu unavyoamka. Unauma kuliko ulivyokufa. Nililia machozi ya mtoto wa miaka kumi, mbele ya mgeni, kamasi zikaingia kwenye mchele wa watu.

Siku hizi meza ni yangu. Baba alitangulia zamani kidogo, na ubao wa mtumbwi bado unanuka mvua ikinyesha. Nimefikiri sana juu yake. Mara mbili alisimama mbele ya watu akasema uongo ili anisitiri, na mara zote mbili alijua ukweli wote. Na zile waya kumi hazikuwa adhabu. Alikuwa mwanamume aliyefiwa na mke, ana mtoto asiyelia, na hakujua namna ya kuniita nitoke nilikokuwa isipokuwa kunipa waya, na kunipa waya, na kunipa waya, ili kila siku niwe na sababu ya kukaa mbele yake. Nilidhani anakata kazi yangu. Alikuwa anaogopa isije ikaisha.

Lakini siku ile ya kuagana nilikuwa sijafika kwenye mawazo hayo. Nilikuwa najipangusa uso kwa upande wa khanga wakati gitaa liliponyamaza huko ndani, na Baba akaniita, kwa sababu ya maji ya wageni au kitu kidogo namna hiyo. Aliniita kwa jina ambalo tangu Mama aondoke hakuna aliyelitumia nyumbani kwetu.

"Mwaju."

"Abee," nikaitika, nikainuka, nikaenda.